Masika Misonobari Ilipoanguka Bila Upepo

3 Machi

Daftari hili nimelianza kwa kuamriwa. Bibi Misitu, ndivyo tunavyomwita afisa misitu wetu mpya, amesema niandike kila mti unaokufa: tarehe, mahali uliposimama, dalili zake. Nilikuwa mtunza stoo wa shule miaka ishirini na miwili, kwa hiyo kuandika vilivyopungua hakunishindi.

Nilimwita kwa sababu misonobari mitano upande wa juu imepauka kileleni, kama nywele zilizokosa mafuta. Nilidhani ni kiangazi kilichopita. Akaja msichana mwembamba, buti kubwa kuliko miguu yake, nikajisemea ofisi imetuletea mwanafunzi. Vilele hata hakuvitazama. Alipiga magoti kwenye matope, akabandua gome pale mti unapoingia ardhini, akasema, "Mama, njoo uone." Chini ya gome kulikuwa na utando mweupe, mzito kama malai juu ya maziwa, unanuka uyoga. Kisha akaokota kijiti, kijiti cha kawaida tu, akakichoma kwenye mzizi mnene kama paja langu. Kikazama chote. Ungesema anachoma mkate.

Na mti umesimama wima. Nimepita chini yake jana, na juzi, nikiwa na chupa ya chai.

Anasema ni kuvu wa mizizi. Hujificha ndani ya visiki na mizizi iliyokufa, kisha hutambaa chini kwa chini mpaka mti wa pili, na wa tatu. Dawa ya kupuliza hakuna.

4 Machi

Mvua.

6 Machi

Bibi Misitu ametaka historia ya msitu. Nimemwandikia hivi, na nanakili hapa.

Hektari tisa. Aliipanda mama yetu, mche kwa mche, baada ya baba kufariki, watu wakimcheka kwamba mjane anapanda kivuli badala ya chakula. Sasa ni mali yetu wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi napanga, yeye anakata. Miti tunayoipunguza tunaisaga kuwa chenga, tunapeleka hospitali trela mbili kila juma. Ndizo zinazolisha boila linalopasha maji ya wodi na ya dobi. Zamani boila lile lilikunywa dizeli. Hospitali ililibadilisha ili litumie kuni, kwa makubaliano kwamba kila tunapokata tunapanda. Wodi ya wazazi haijakosa maji ya moto mwaka wa sita huu.

Sikumwandikia kwamba mdogo wangu anaitwa Kiberenge. Ni jina la utotoni, kwa sababu akishaanza kwenda hasimami. Ana miaka arobaini na mmoja na bado hajapata breki.

9 Machi

Miti kumi na miwili sasa. Nimeihesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Bibi Misitu amerudi na maagizo. Tuchimbe mtaro kuzunguka sehemu inayougua, kina cha mtu kiunoni, ili mizizi ikatike na kuvu asivuke. Ndani ya mtaro, na safu mbili nje yake, miti yote ikatwe na visiki ving'olewe. Kuni zake zinafaa kwa boila, mradi zisagwe upesi zisilazwe kwenye udongo. Na mtu yeyote asifanye kazi karibu na mti mgonjwa, umbali wa urefu wake, mpaka umekatwa na mtu anayejua. Miti hii, alisema, haisubiri upepo.

Kiberenge alisikiliza mikono ikiwa mifukoni. Alipoondoka yule binti, akacheka, akasema mti uliosimama miaka thelathini hauwezi kuogopa kisu cha ofisini. Akasema mtaro utachimbika masika yakiisha. Kwa sasa hospitali inataka chenga. Nilimwambia kicheko chake kina haraka. Akasema chai imepoa.

10 Machi

Mvua. Hakuna kipya.

12 Machi

Kumi na mitano.

15 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sijui nikiandike kwenye safu gani.

Nilikwenda upande wa getini, mbali kabisa na kule juu, kuangalia kama huku ni salama. Kulikuwa na marundo ya matawi makavu, ya kawaida yanayobaki mtu akipogoa. Nikavuta tawi moja nipate fimbo ya kutembelea. Chini yake palikuwa na kisiki. Si cha zamani. Nikavuta rundo la pili: kisiki. La tatu: viwili. Nilivuta matawi kama mwendawazimu mpaka kanga ikachanika, nikapata visiki kumi na tisa, vimekatwa chini kabisa na kufunikwa vizuri, jinsi mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kumi na kimoja vina utando mweupe.

Miti kumi na tisa imetoka ndani ya msitu wa mama na mimi, ninayejisifu kwa kuhesabu, sikujua.

Ukiacha wetu, mwenye msumeno wa injini karibu nasi ni mmoja tu, jirani wa bondeni, mzee asiyeongea na ambaye sijawahi kumpenda. Kesho nakwenda kwake.

16 Machi

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Kiti kimenishinda.

Nilimkuta jirani anatia makali jembe. Salamu yenyewe niliitoa nusu. Nikamwambia wazi kwamba kuna mtu ameiba misonobari yangu kumi na tisa na kufunika visiki, na kwamba wenye misumeno hapa wanahesabika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoanza kuniogopesha. Aliweka tupa chini, akaniambia nimfuate.

Nyuma ya nyumba yake, pale nilipokuwa nikiona misonobari yake tangu ujana, kuna mahindi. Kuzunguka mahindi kuna mtaro, umeshaota nyasi. Akasema ugonjwa huu ulimpata miaka mitatu iliyopita, akang'oa kila kitu. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia sisi majirani zake.

"Nilikuja kwako, mama," alisema. "Nikamkuta mdogo wako. Nikamwambia visiki hivi ni vigonjwa, nataka kuvichoma. Akasema nisivichome, anavihitaji. Akaja na trekta, akavibeba vyote."

Nikamuuliza alivipeleka wapi.

"Vingine getini kwenu. Vingine kule juu, kwenye mashine yenu ya kusagia."

Getini na kule juu. Nilisahau kumwomba radhi, nimekumbuka nikiwa njiani, nikarudi nikamwomba. Akasema yaishe, akanipa mahindi matano ya kuchoma. Nimeyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa watoto wa wenyewe.

17 Machi

Kiberenge alikula kwangu mchana. Akasifu mboga. Sikumwambia neno.

18 Machi

Nimemwambia. Nilianza na visiki vya getini, na kabla sijafika kwa jirani alikuwa ameshakaa chini kwenye magogo, kofia mkononi.

Hakukana. Ningependa angekana, ningepata pa kumpigia. Alisema visiki vile vilisagwa karibu vyote, ila vilivyobaki vililala pale masika yote, naye akasahau. Mwaka jana alipoona kilele cha kwanza kimepauka, alijua siku ile ile. Akawa anakwenda alfajiri peke yake, anakata mgonjwa kabla sijauona, anasaga, anafunika kisiki. Alidhani akiondoa mti ameondoa na ugonjwa. Kila alipoondoa mmoja, miwili ikapauka.

Nilimuuliza ni shetani gani alimwambia abebe visiki vya watu.

"Wewe, dada," alisema, taratibu kabisa. "Si ndiyo ile wiki mashine iliharibika, na ilipotengenezwa kuni zetu zote zilikuwa zimelowa? Ulinipigia simu kutoka msibani. Ukasema wodi ya wazazi isilale bila maji ya moto hata siku moja, nitafute kuni popote pale, sitaki kujua ni wapi."

Nimekaa tangu saa nane nikijaribu kukumbuka kwamba sikusema. Nilisema. Maneno ni hayo hayo, hata "sitaki kujua".

19 Machi

Mvua kubwa. Hatukusemezana.

20 Machi

Niliamka nikasikia sururu. Kiberenge yuko juu anachimba mtaro na vibarua wanne. Trekta haliwezi kupanda kwa matope, kwa hiyo ni mikono tu. Nikapeleka uji. Akasema asante bila kunitazama.

24 Machi

Mita sitini za mtaro. Miti ishirini na mitatu.

Bibi Misitu alikuja na mvua yake kichwani. Nilimweleza yote, ya Kiberenge na ya kwangu, nikitegemea hotuba. Akasema kwenye faili lake kuna misitu saba yenye ugonjwa huu, na katika yote saba kuna mtu aliyejua mapema akanyamaza. Kisha akaomba sururu akachimba nao saa nzima. Mwanafunzi gani! Nimemdharau mtu kwa sababu ya buti.

27 Machi

Fundi wa boila amepiga simu kulalamika. Chenga zetu zimelowa, boila linakohoa moshi, amelazimika kulikesha kama mgonjwa. Nikamwambia na sisi huku tunakohoa. Akacheka, akasema yeye atajitahidi, nasi tujitahidi.

30 Machi

Mvua. Vibarua wawili hawakuja. Wanauogopa upande wa ndani. Kiberenge amewakataza wote kuingia huko. Anachimba yeye mwenyewe.

2 Aprili

Nataka kuandika kwa mpangilio. Nikiacha mpangilio nitapiga kelele.

Mvua ilikatika alfajiri. Asubuhi ilikuwa safi, jua, hakuna hata jani linalotikisika. Nilipanda na chupa ya chai na vikombe sita, maana jirani wa bondeni naye alikuja kusaidia, bila kuombwa, na msumeno wake. Zilibaki mita mbili mtaro ukutane. Mita hizo mbili zilikuwa chini ya mti mkubwa ambao haujapauka. Bibi Misitu alikuwa ameutia alama nyekundu hata hivyo, ukatwe kwanza. Jirani alikuwa anawasha msumeno kwa ajili hiyo, ukawa unagoma kwa unyevu. Kiberenge akasema wakati unagoma atapunguza punguza udongo, ni dakika tano tu. Nilimsikia. Nilifungua mdomo nimwambie angoje. Nikaamua kumimina chai kwanza.

Mti unaokatwa hulia kabla ya kuanguka. Nyuzi zinakatika, unapata muda wa kukimbia. Huu haukulia. Nilikuwa nautazama, nikaona kilele kinasogea pembeni ya wingu, polepole, nikadhani ni wingu ndilo linalokwenda. Udongo ukafunguka kama kifuniko. Mti mzima ukalala. Kishindo nilikisikia miguuni, si masikioni.

Halafu kimya. Kikombe nilikuwa nimekishika bado, chai haijamwagika.

Alikuwa ndani ya mtaro, na mtaro ndio uliomwokoa, kwa sababu shina lilikaa juu ya kingo mbili. Lakini tawi nene kama nguzo lilikuwa limemkandamiza kuanzia kiunoni. Uso wake ulikuwa safi kabisa. Alinitazama akasema, "Dada, usije huku, kuna mwingine nyuma yako." Nikageuka. Kweli, mti wa pili ulikuwa umeinama, mizizi yake imevutwa nusu. Nikaenda kwake hivyo hivyo.

Jirani aliuwasha msumeno. Sijui ulikubalije wakati ule. Yule mzee asiyeongea akawa anatoa amri kama nahodha: wewe shika mtaimbo, wewe kaa pale utazame ule mti, ukitikisika piga mluzi. Akakata tawi kipande kwa kipande, kutoka nje kuja ndani, asije akaliachia likamkalia zaidi. Ilichukua dakika arobaini. Nilishika kichwa cha mdogo wangu muda wote huo. Mwanzoni aliongea, akanitania kwamba leo amepata breki. Baadaye akaacha kuongea.

Tulimshusha juu ya mlango wa banda, watu wanne, matope magotini, mpaka kwenye gari la jirani.

Hospitalini muuguzi alileta beseni akaanza kumwosha damu na udongo ili daktari aone pa kushika. Mvuke ukapanda. Maji yalikuwa ya moto sana, akayapunguza kwa ya baridi. Nilijua yamepashwa na kuni gani.

3 Aprili

Nyonga imevunjika mahali pawili. Mguu wa kulia daktari hajasema.

4 Aprili

Amesema. Wameukata juu ya goti.

5 Aprili

Sikuandika miti.

7 Aprili

Nimekaa na wifi yangu kwenye benchi la wodi. Mke huyu wa mdogo wangu nimemwona siku zote kama mtu wa kupenda kulala, kwa sababu taa yao huchelewa kuzimwa na yeye huchelewa kuamka. Leo amenieleza kwamba kwa mwaka mzima mumewe hakuwa analala. Alikuwa anakaa jikoni anachora msitu kwenye karatasi, anatia nukta kila mti uliopauka, kisha anazichoma karatasi. Wifi naye anakaa naye mpaka achoke. Akimwambia amweleze dada yake, anajibu, "Dada anaupenda ule msitu kuliko anavyompenda mtu. Nikimwambia nimeuua, nitabaki na nani?"

Nilimuuliza wifi kama na yeye anaamini hivyo, kwamba naupenda msitu zaidi. Akasema, kwa adabu zake zote, "Wifi, sisi tumekuja kwako mara ngapi, ukatuuliza habari za watoto kabla ya habari za chenga?"



13 Aprili

Anakula. Anauliza habari za mtaro. Watoto wake wawili nimewapeleka shule mwenyewe wiki hii. Mkubwa anapenda hesabu, na sikuwa najua.

20 Aprili

Bibi Misitu amepima msitu wote, siku tatu, na mtaimbo na kisu. Akaja kukaa barazani, akavua zile buti, nikajua ni habari ya kuvuliwa viatu. Kuvu ameshavuka mtaro pande mbili. Ameonekana pia katikati, kwenye njia ya trekta. Hakuna sehemu ya kuokoa. Misonobari yote ikatwe, hektari zote tisa, visiki vyote ving'olewe, ardhi ikae na mazao mengine miaka kadhaa, kisha ipandwe miti ya jamii nyingine ambayo kuvu huyu haiwezi.

Nikamuuliza kama amesema yote. Akasema yote, mama. Akalia yeye kabla yangu.

21 Aprili

Nilikwenda wodini na maneno mdomoni. Kiberenge alikuwa amekaa kitini kwa mara ya kwanza, jasho linamtoka. Akauliza, "Mmefika wapi?" Nikajibu tumekata safu mbili, kazi inakwenda vizuri.

22 Aprili

Wakataji wameanza. Watu kumi, wenye ujuzi, wanafunga kila mti kamba kabla ya kuugusa.

28 Aprili

Amenyanyuka na magongo, hatua nne. Ameuliza. Nimesema safu nyingine mbili.

5 Mei

Nusu ya msitu iko chini. Kutoka jikoni kwangu naona barabara ambayo sijawahi kuiona. Fundi wa boila alikuja mwenyewe na kipimo, akasema kuni hizi zikikaa kwenye banda lenye hewa zitamtosha miaka mitatu, na kwa miaka itakayofuata jirani na wenye misitu wengine wameshaahidi matawi yao ya kupogoa. Alikuwa anajaribu kunipa habari njema. Nilimshukuru.

Nimesema safu moja.

19 Mei

Wifi ameniuliza nitamwambia lini. Nimesema akipata nguvu. Akasema, "Nguvu anazo."

30 Mei

Msonobari wa mwisho. Saa nne na robo asubuhi. Nimeuandika: namba elfu mbili mia sita na nane. Huu haukuwa na utando wowote. Ulikuwa mzima.

11 Juni

Ameruhusiwa leo. Gari la jirani lilimleta, yeye mbele, mimi na wifi nyuma. Tangu hospitalini nilikuwa natafuta sentensi. Tulipita kona ya mwisho, ile ambayo zamani ukipita unaingia kivulini, na jua halikukatika. Likatufuata mpaka mlangoni.

Alishuka, akajipanga kwenye magongo, akatembea mpaka ukingoni mwa kiwanja, akasimama. Mbele yake palikuwa na mlima mtupu wenye mashimo, kama kinywa kilichong'olewa meno.

"Miti iko wapi?"

Nikamwambia. Yote ilikuwa inaugua au karibu kuugua, na uamuzi ulitolewa tarehe ishirini Aprili.

Alihesabu kimoyomoyo, nilimwona. "Kila siku ulikuwa unakuja kuniambia safu mbili."

"Ndiyo."

"Safu moja."

"Ndiyo. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Nikajiandaa kupokea chochote, maana nilistahili. Alinitazama kama vile ananiona kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

"Kumbe na wewe," alisema.

Sijui nani alianza kulia. Wifi alituletea viti viwili akaingia ndani, akatuacha. Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, tukiongea mambo ya mama, na ya visiki, na ya alfajiri zake zote zile alizotembea peke yake. Nilimuuliza aliwezaje mwaka mzima. Mimi majuma saba tu yamenikondesha. Akasema hakuweza.

Kisha akanyanyua gongo moja akaonyesha shimo la tatu kutoka njiani.

"Pale mmeacha mzizi," alisema. "Ule mweusi, unaona? Umekatwa, haukung'olewa."

Sikuwa nimeuona. Nikachukua sururu nikaenda.